Neno Dogo Mbele ya Kitenzi: Mafunzo Niliyopata Katika Saiba ya Section 58

Nina saiba hapa Section 58, Nakuru. Watu huja kuchapa barua za kazi, kujaza fomu za eCitizen na kutoa nakala za vitambulisho. Wengi pia huja na maoni. Wanataka kupinga jambo, kuunga mkono, kulalamika au kuomba radhi, na wanataka yaandikwe kwa Kiingereza kwa kuwa ndiyo lugha ya ofisi wanazoziendea. Hunieleza kwa Kiswahili wakiwa wamekaa kando yangu, nami naandika. Kazi hiyo imenifundisha kuviheshimu vielezi, hasa vile ambavyo Kiingereza hupenda kuviweka kabla ya kitenzi: really, strongly, honestly, just. Barua huweza kuwa na hoja nzuri na ushahidi wa kutosha, kisha kielezi kimoja kikaibeba au kikaiangusha.

1. Kiingereza hutaja uzito kwanza, jambo baadaye

Sisi husema "naamini kabisa", "nasikitika sana", "nakataa katakata". Kitenzi hutangulia, nguvu yake ikafuata. Kiingereza hupanga kinyume: "I firmly believe", "I deeply regret", "I flatly refuse". Msomaji hajafika kwenye kitenzi, lakini kipimo cha msimamo wako ameshapewa, na yote yanayofuata atayasoma kwa kipimo hicho.

Nafasi yenyewe hubeba maana. "I honestly think" ni sawa na kusema: sikufichi, haya ndiyo mawazo yangu. Ukilisogeza neno hilohilo mwisho, "I think honestly", msomaji anaweza kuelewa kwamba unasifu namna yako ya kufikiri. Kitenzi kikiwa "am" au "is", kielezi hukaa baada yake, kama katika "I am really worried". Mambo haya hufundishwa shuleni kama kanuni za sarufi tu. Mimi nimeyaona yakiamua barua itapokelewaje.

2. "Really don't" si "don't really"

Hili ndilo ningependa kila mzazi wa mtaa huu alijue.

Mama mmoja alikuja na barua aliyoandikiwa na bintiye. Mwanawe wa kiume alikuwa amesimamishwa masomo katika shule ya bweni kwa vurugu za usiku mmoja, na mama alikuwa akipinga. Sentensi ya kwanza ilisema: "I don't really agree with the decision." Akaniomba nimsomee kwa Kiswahili ajue imeandikwa nini.

"Inasema hukubaliani sana na uamuzi huo, mama."

"Sana?" Akaivuta karatasi. "Kijana wangu, mimi sikubaliani hata kidogo. Mtoto hakuwa shuleni usiku huo. Alikuwa hospitali, na karatasi ya daktari ninayo hapa."

"Basi tulihamishe neno moja tu."

Tukaandika "I really do not agree". Katika sentensi ya binti, kikanushi kilitangulia kielezi, kwa hiyo kilichokanushwa ni kiasi cha kukubali. Mwalimu mkuu angesoma hapo mzazi mwenye wasiwasi kidogo, aliye karibu kukubali. Katika sentensi ya pili kielezi kiko nje ya ukanushaji, nacho kinautilia nguvu wote. Karatasi ya daktari tuliitaja katika sentensi iliyofuata, kwa sababu msimamo mkali usiokuwa na sababu kando yake hauendi hatua mbili.

Tofauti hiyohiyo huwakuta watu wanapoandika taarifa ya kile walichokiona. "I don't really know him" humaanisha namjua juujuu, huenda tumesalimiana. "I really don't know him" humaanisha simjui kabisa. Anayechunguza ajali au wizi atazisoma kauli hizo kuwa mbili tofauti, naye atakuwa na haki.

3. Kila kitenzi kina kielezi kilichozoeana nacho

Waingereza husema "strongly oppose", "fully support", "sincerely hope", "deeply regret", "freely admit". Hawasemi "strongly thank" wala "highly agree", ingawa "highly recommend" ni sawa kabisa. Hakuna kanuni inayotosha kueleza yote. Wanaotaka kanuni nawaambia nini? Nawaambia wasome kwa wingi, kisha nawakumbusha lugha yetu. Tunakataa katakata lakini hatulali katakata, tunalala fofofo. Mtu huanguka pu, chombo hujaa pomoni, nguo huwa nyeupe pepepe. Aliyekua katika Kiswahili hakufundishwa hayo darasani, aliyasikia. Vielezi vya Kiingereza navyo huingia kwa njia hiyohiyo, kupitia sikio na jicho.

4. "Just" humpunguza anayesema

Vijana waliotoka chuo cha KITI na vyuo vingine huniletea barua za kazi zenye "I just want to apply" na "I just think I can do it". Ni adabu waliyolelewa nayo, ya kutojikweza mbele ya mkubwa, na mimi naipenda adabu hiyo. Lakini kwa msomaji wa ofisini, "just" hapo inasema ombi lenyewe ni dogo. Naiondoa. Adabu yao hubaki katika salamu na katika shukrani za mwisho.

Na "personally" je? "I personally feel" ni "mimi binafsi naona", nayo hufaa mtu anapojitenga na kundi. Wapangaji wa ploti nzima wakiandika barua ya pamoja, haina kazi.

5. "Strongly disagree" hupimwa na desturi ya nyumba

Wanafunzi wa vyuo vikuu vya Egerton na Kabarak hutoa hojaji hapa. Nyingi zina ngazi tano, kuanzia "strongly disagree" hadi "strongly agree". Mpango huo ulitokana na kazi ya mwanasaikolojia wa Marekani Rensis Likert, aliyeichapisha mwaka 1932. Umeenea dunia nzima, na sehemu kubwa ya mizani yake inategemea hicho kielezi kimoja.

Nimewasikia wanafunzi hao wakirudi kutoka mitaani wakishangaa kwamba wazee wengi huweka alama katikati. Mimi sishangai. Mzee akikaribisha kijana wa watu nyumbani kwake, akamtilia chai, hawezi kumwambia "napinga vikali" kwa swali lililosomwa kwa upole. Maoni anayo, tena makali. Ukimwacha aeleze kwa maneno yake, utayapata yote, tena na historia ya mambo yalivyoanza. Kwa hiyo mimi huwashauri wanafunzi waongeze maswali mawili matatu ya kujieleza. Wengine hukubali.

6. Mahakamani kielezi ni mpaka

Mawakili wa mjini huniletea rasimu za hati za kiapo nizichape, na humo nimekutana na kielezi kisichotumika tena sokoni: "verily". Sentensi huwa hivi: "which information I verily believe to be true". Zamani nilidhani ni urembo wa Kiingereza cha kale. Kumbe kina kazi. Agizo la 19, kanuni ya 3 ya Kanuni za Utaratibu wa Kesi za Madai za mwaka 2010 hutaka anayeapa aseme yale anayoweza kuyathibitisha kwa kuyajua mwenyewe. Katika maombi ya muda anaruhusiwa kutaja aliyoambiwa na anayoyaamini, mradi aeleze aliyapata wapi na kwa nini anayaamini. "Verily believe" ndipo mahali ambapo macho yake yameishia na masikio yameanza.

Mzee mmoja alikuwa akisoma hati yake kabla ya kwenda kuapa mbele ya kamishna wa viapo. Ilihusu vigingi vya shamba vilivyohamishwa. Nikamuuliza: "Mzee, hapa panasema uliviona vikihamishwa. Uliviona wewe?"

"La, mwanangu. Niliambiwa na jirani, na jirani yangu hasemi uongo."

Nikampigia wakili simu pale pale. Aya ikabadilishwa ikamtaja jirani, ikafuatwa na kielezi kile. Mzee akaapa juu ya kile anachokijua.

Aliyepoteza cheti naye huja kuandika tamko la kisheria chini ya Sheria ya Viapo na Matamko, Sura ya 15. Mwishoni mwake kuna maneno "conscientiously believing the same to be true". Kielezi tena, mbele ya kuamini. Mimi humsomea kwa Kiswahili kabla hajatia sahihi, kwa sababu kutoa tamko la uongo ni kosa la jinai na mtu anapaswa kujua anachokibeba.

7. Ukiweka "strongly" kila mahali, hakuna iliyo na nguvu

Katiba ya 2010, kifungu cha 196, inalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi, kwa hiyo Mswada wa Fedha wa kaunti hutangazwa kila mwaka na watu hualikwa watoe maoni. Msimu huo saiba hujaa. Kikundi kimoja cha wafanyabiashara kilikuja na rasimu ambayo kila aya ilianza na "We strongly oppose". Nikawauliza ni ada ipi hasa inayowauma. Walibishana kwa muda, kisha wakakubaliana juu ya moja. "Strongly" tukaiacha kwenye ile moja. Nyingine tukaandika "we oppose", na chini ya kila moja sababu yake na kiasi wanachoweza kulipa.

Mama mboga aliyekuwa akisubiri zamu yake aliwasikiliza, kisha akaniuliza kama ni lazima aandike Kiingereza. Si lazima. Kifungu cha 7 cha Katiba hiyohiyo kinataja Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Akakaa, akaniambia niandike: "Napinga kabisa ada hii ya kila siku, kwa sababu siku ya mvua hakuna mnunuzi na ada ni ileile. Naomba itozwe kwa mwezi." Nilimchapia nakala mbili, nikamwambia akiipeleka ya kwanza ahakikishe ya pili imepigwa muhuri wa kupokelewa.