SOMO: MNYOO MWEUPE NDANI YA OMENA



Juzi mama mmoja alimwaga beseni zima la omena kwa kuona minyoo myeupe kama utepe. Pesa ya akiba ikapotea. Hebu tujifunze, hasara hiyo isirudi.

Huyo ni tegu aitwaye Ligula. Yumo Ziwa Victoria, na safari yake ni hii:

1. Ndege mla samaki, kama mnandi, hunya ziwani. Kinyesi kina mayai ya tegu.
2. Yai huanguliwa, mtoto wa tegu akamezwa na kidudu kidogo sana cha majini.
3. Omena hula kidudu hicho. Tegu hutoboa utumbo, hukaa nje yake humo humo tumboni, hukua mpaka tumbo linafura.
4. Ndege humla omena. Ndani ya ndege tegu hukomaa kwa siku chache tu, hutaga, na safari huanza upya.

Omena huyo huumia. Tegu hunyonya chakula chake na kuzuia mayai yasikomae, kwa hiyo mara nyingi hazai. Tena huogelea juu juu, ndege akamnasa upesi. Hapo tegu amefika anakotaka!

Je, sisi? Makao ya tegu huyu ni ndege, siyo mtu. Ukimwona, mtoe, kisha pika omena waive kabisa. Moto humuua. Usitegemee jua peke yake.

Tujadiliane:
(a) Tegu huhitaji viumbe wangapi kumaliza safari yake?
(b) Mteja akiona mnyoo sokoni, tutamwambia nini?