Ukibadili Tairi, Ikumbuke Difu

Wadogo zangu mnaopenda njia za porini, swali mnaloniletea kila mara ni hili: "Dada, nimefunga tairi kubwa kwenye Land Cruiser, sasa gari zito, halipandi. Injini imechoka?" Kabla fundi hajagusa nozeli, tutazame difu kwanza.

Tuchukue Land Cruiser 80, maana ndiyo mnayonitajia sana. Nyingi zilitoka kiwandani na tairi za 275/70R16, kipenyo kama inchi 31.2, na difu ya 4.10. Maana yake propela shafti inazunguka mara 4.1 ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Ndani ya difu, gia kubwa, yaani krauni, ina meno 41, na ile ndogo, pinioni, meno 10. Ukifunga 315/75R16 unafika inchi 34.6 hivi. Kila mzunguko wa gurudumu sasa unalipeleka gari mbali zaidi kwa asilimia 11, na kazi hiyo inaiangukia injini ileile. Ni kama umewekewa difu ya 3.69. Ndiyo maana gia ya tano haivuti tena, na kwenye automatiki gia zinapanda na kushuka bila kutulia mpaka oili ya gia boksi inapata moto. Spidi mita ikisoma 80, wewe uko karibu 89.

Hesabu yake ni fupi: kipenyo kipya ugawe kwa cha zamani, kisha uzidishe kwa difu uliyonayo. Hapa inakuja 4.55. Seti inayouzwa ni ya 4.56, meno 41 kwa 9, na ukiifunga gari linarudi karibu kabisa na lilivyokuwa, pamoja na spidi mita yake.

Ila kwanza hakikisha una 4.10 kweli. Gari la mkononi huenda lilishabadilishwa. Weka vizuizi magurudumu ya mbele, inua ya nyuma yote mawili juu ya stendi imara, gia iwe huru, uyazungushe yote mawili pamoja mzunguko mmoja kamili huku mwenzako akihesabu mizunguko ya propela shafti.

Najua wengi mnaitamani 4.88. Kwa anayebeba hema juu, mapipa ya maji na winchi, na anayeishi kwenye mawe na mchanga, nitamkubalia. Lakini kwa safari ya Dar hadi Mbeya injini itazunguka asilimia 7 hivi zaidi ya ilivyokuwa kiwandani kwa mwendo uleule, na mafuta utayalipia wewe. Mimi kwa gari la familia linaloingia porini likizo, ningefunga 4.56 nikanyamaza.

Jambo linaloninyima usingizi ni kuteremka. Mnazungumzia kupanda mlima Kitonga tu, lakini tairi kubwa inaipunguzia injini uwezo wa kulishika gari mteremkoni, na wakati huohuo breki zinapambana na gurudumu kubwa na zito zaidi. Gia ya pili uliyoizoea haikushikilii tena kama zamani. Ukiwa na mzigo na watoto nyuma, tafadhali usilichukulie hilo jepesi. Difu sahihi inakurudishia mshiko huo wa injini.

Sasa pesa. Lazima ubadili mbele na nyuma, na seti za 80 hazifanani, ya mbele ni ndogo na imechongwa kinyume. Asije mtu akakwambia "tuanze na nyuma, mbele mwezi ujao." Ukiiloki difu ya kati huku ekseli mbili zinavutana, kitu kitavunjika. Kwa hiyo bei ya difu iingize kwenye bei ya tairi tangu mwanzo. Kama pesa haitoshi, chukua 285/75R16. Hizo zimezidi asilimia 5 tu, na 4.10 inazimudu.

Fundi naye mchague kwa makini. Muulize atapimaje nafasi kati ya meno ya krauni na pinioni, na kama atapaka rangi meno aone yanagusana wapi. Akisema atasikiliza kwa sikio, mshukuru uondoke. Ukishafungiwa, safari ya kwanza iwe ya dakika 20 taratibu, kisha uache difu zipoe kabisa. Usivute trela wala kukimbiza gari mpaka ufikishe kilomita 800, halafu umwage oili ya difu zote mbili uweke mpya.