Nilipoteza hela ya mzigo kasino: mambo manne yaliyonisaidia kurudi kwenye biashara

Leo sina mbinu za kupiga picha bidhaa. Nina somo lililoniuma mwenyewe.

Nauza madera mtandaoni. Niko Morogoro, mzigo nafuata Kariakoo. Safari moja nilifika Dar jioni, maduka yameshafungwa. Marafiki wakanivuta kasino, "tukaangalie tu". Nilipanga kuchezea 20,000. Saa nane usiku nilitoka mikono mitupu: 380,000 yote imeenda. Na humo ndani, 144,000 haikuwa hata yangu. Ilikuwa ya wateja 8 waliolipia oda kabla, 18,000 kila mmoja. Nauli ya kurudi nilikopa.

Asubuhi kichwani nilikuwa na wazo moja tu: kopa kwenye simu, rudi leo usiku, ukomboe hela yako. Jamani, hilo wazo ndiyo hasara ya pili, na ndiyo inayomaliza watu. Haya ndiyo yaliyonizuia.

1. Nilipiga hesabu ya ile meza kama mfanyabiashara.
Nilicheza ruleti. Gurudumu lenye sifuri moja lina namba 37. Ukipatia namba moja, unalipwa mara 35 na unarudishiwa ulichoweka. Sasa weka 1,000 kwenye kila namba: umetoa 37,000. Namba moja lazima itoke, unapokea 36,000. Yaani hata ukishika namba zote, unapoteza 1,000 kila mzunguko. Ungekubali mzigo wa kununua 37,000 na kuuza 36,000? Pale mwenye duka si wewe, wewe ni mteja.

Na usijidanganye kwamba "safari hii lazima". Mwaka 1913 kule Monte Carlo mpira uliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo. Watu waliendelea kuweka hela kwenye nyekundu wakiamini zamu yake imefika, wakapukutika. Mpira haukumbuki ulipoangukia, wala haujui kwamba unakudai. Nilipoelewa hivyo, niliacha kusema nilikosa bahati. Nililipa bei ya pale, basi.

2. Niligeuza hasara kuwa idadi ya bidhaa.
Dera moja linanipa faida ya 5,000. Gawanya 380,000 kwa 5,000, unapata madera 76. Kwa kawaida nauza manne kwa siku, kwa hiyo ni siku 19 za kazi. Iliniuma kuiona kwenye daftari, lakini ilinituliza. Hasara ukishaijua idadi yake, unajua na mwisho wake. Ukiiacha kichwani tu, inakuwa kubwa kila usiku.

3. Wateja kwanza, aibu baadaye.
Nilitamani kuzima simu. Badala yake nikamwandikia kila mmoja: "Samahani dada, mzigo wako umechelewa kwa kosa langu. Utaupata Jumatano. Kama huwezi kusubiri, kesho nakurudishia hela yako." Wawili wakataka hela yao, sita wakasubiri.

Nyumbani nilikuwa na madera 9 yaliyododa. Nikayaposti siku hiyohiyo kwa 14,000, yakaisha yote: 126,000. Nikarudisha 36,000 kwa wale wawili. Nikamtumia muuzaji wangu Kariakoo 78,000 ya madera 6, mzigo ukaja na basi. Ile 12,000 iliyobaki ikaishia kwenye usafirishaji. Faida sikuona hata senti, ila jina langu lilibaki.

Ukinyamaza siku mbili tu baada ya kupokea hela ya mtu, unaitwa tapeli, na jina hilo halifutiki kwa punguzo la bei.

4. Nilimwambia mtu mmoja, na hela nikaihamisha.
Nilimweleza dada yangu ukweli wote, pamoja na kiasi. Alinisema sana, halafu akanisaidia. Sasa hela za oda zinaingia kwenye laini nyingine, na namba ya siri anayo yeye. Mzigo namlipa muuzaji moja kwa moja, sisafiri tena na hela ya wateja mfukoni. Kama unaona hamu ya kurudi kasino inakushinda, usipambane nayo kimyakimya. Mtafute mtu unayemwamini au mshauri, mapema.

Msije mkadhani huzuni iliisha siku ile. Wiki ya kwanza nilikuwa nafunga mizigo huku nahesabu kile ambacho kingekuwa changu. Na zile siku 19 zilifika 27, maana kuna wiki biashara ililala kabisa. Lakini siku ya 27 nililipiga mstari dera la 76 kwenye daftari, na hakuna mtu niliyekuwa namdai wala anayenidai.

Kama kuna mwenzako anawaza kurudi kukomboa hela yake leo usiku, mtumie hii kabla hajatoka nyumbani.