Somo Letu: Mkalimani Mbele ya Daktari Mgeni

Madaktari na wauguzi wa kujitolea wanapokuja kutoka ng'ambo kututibu, wengi wetu hudhani kazi yote ni yao, na yetu ni kupanga mabenchi na kupika chai. Lakini mgonjwa hajui Kiingereza, na daktari hajui Kiswahili. Anahitajika mtu wa tatu, na mara nyingi ni mmoja wetu. Somo hili ni lake.

Sir Albert Cook alifika Mengo, Uganda, mwaka 1897, akaanzisha hospitali mwaka huo huo. Alijifunza Kiganda, akatunga kitabu cha maneno na maswali ya uganga kwa lugha hiyo. Alikaa huko mpaka kufa kwake mwaka 1951. Mgeni wa majuma mawili hana nafasi hiyo. Atautegemea ulimi wetu.

Tuanze na neno "ndiyo". Daktari anauliza, "Hujameza dawa nyingine leo?" Mama anajibu, "Ndiyo," yaani ni kweli, sijameza. Mwingereza kwa maana hiyo hiyo angejibu "hapana". Mkalimani akifasiri neno hilo moja tu, daktari ataandika kwamba mama amekwisha meza. Na aliyemeza kweli, akijibu "Hapana, nimemeza," mkalimani akachukua neno la kwanza tu, ataandikiwa dawa juu ya dawa. Hapo mtu aweza kufa. Basi swali la kukana tuligeuze: "Umemeza, au hujameza?" Kisha tufasiri jibu zima.

Saa nazo zina mtego. Saa nane asubuhi ya daktari ni saa mbili yetu. Akisema dawa imezwe kila baada ya saa 8, tusiseme "kutwa mara tatu" kwa mazoea, maana kutwa huisha jua likizama, na dozi ya usiku itaachwa.

Tena mgonjwa akisema "mguu unaniuma", mguu wetu huanzia pajani hata vidoleni, nao wana neno kwa kila sehemu. Mwombe aonyeshe kwa mkono.

Sisi tuliofundisha miaka mingi tunajua jinsi mwanafunzi apendavyo kufupisha habari. Mzee aweza kuanza na msiba wa nduguye kabla hajafika kwenye tumbo lake. Tusimkate, wala tusimwambie daktari, "Anasema tumbo." Huenda tangu msiba ule hali chakula. Wala tusiongeze ugonjwa tunaoudhani sisi.

Mama mzazi asifasiriwe na mwanawe, wala mkwe na mkwewe. Mengine hawatayasema kamwe. Wanawake wapewe mkalimani mwanamke. Na yaliyosikika chumbani yasitoke, hata kwa sura ya ombi katika kikundi cha maombi! (Huko ndiko siri nyingi zinakopotelea.) Tusimseme mgeni mbele yake pia. Someni Mwanzo 42:23: ndugu zake Yusufu walimwona mkalimani katikati, wakadhani bwana yule hawasikii.

Zoezi: Kaeni watatu watatu, mgonjwa, daktari na mkalimani. Daktari aulize maswali matano ya kukana. Mgonjwa ajibu kwa neno moja tu. Mwisho mlinganishe aliyoyaandika daktari na aliyoyakusudia mgonjwa.