Somo la Ordinateri: Kujaribu Klasi ya Java Pasipo Serveri

Wanafunzi wengi wametuuliza: juu ya nini programu yetu ya pointi inatembea vizuri ndani ya serveri, lakini tukijaribu klasi yake moja peke yake inakufa palepale na kosa NoInitialContextException?

Sababu ni hii. Programu haijui data inakaa wapi, inauliza kwa jina tu: new InitialContext().lookup("java:comp/env/jdbc/Pointi"). Ni kama mgeni anayeuliza sentineli: prefe iko biro gani? Huo utaratibu unaitwa JNDI, na uko ndani ya Java tangu toleo la 1.3, mwaka 2000. Lakini Java inatoa mlango tu. Sentineli mwenye daftari la majina analetwa na serveri, kama vile Tomcat.

Wengine wanataka njia fupi: kuelekeza jaribio ku data ya kweli ya masomo. Hapana, kabisa! Jaribio linaandika na kufuta. Ukifuta pointi za wenzako, nani atazirudisha?

Basi tufanye sentineli wetu. Tunaandika klasi SentineliFactory yenye kutimiza InitialContextFactory, na metodi yake moja, getInitialContext, irudishe Context yetu. Ndani yake tunaweka Map: bind inaandika jina na kitu, lookup inasoma. Jina likikosekana, itoe NameNotFoundException, isirudishe null, maana null inaficha kosa la kuandika jina vibaya. Metodi close isifanye kitu. Zile zingine (ziko nyingi mno!) zitoe UnsupportedOperationException.

Kisha, mbele ya kila jaribio: System.setProperty("java.naming.factory.initial", SentineliFactory.class.getName()), halafu bind ya jina lilelile, pamoja na DataSource ya H2 yenye kukaa ndani ya memori tu.

Hapa ndipo wengi wanaanguka, na sisi pia tulipoteza siku mbili. Kila new InitialContext() inaita factory upya. Map ikiwa mpya kila mara, ulichoandika hakionekani tena. Kwa hiyo Map iwe static. Lakini Map ya static inabaki na mambo ya jaribio lililopita, na jaribio la pili linaweza kupita kwa uongo. Tuisafishe ndani ya @AfterEach.

Zoezi: ondoeni neno static, mwendeshe jaribio, na mwandike kosa gani linatoka na ku mstari gani. Mtaleta makaratasi juma lijalo.