Kabla ya Kulaumu Macho, Pima Herufi

Mhasibu wa shule moja ya sekondari mkoani Morogoro, mama wa miaka 46, ameiandikia safu hii kuhusu kero ambayo wenzake wengi wa rika lake wataitambua. Tangu shule ibadilishe kompyuta za ofisini, siku ya kazi huisha kichwa kikimgonga, shingo imekakamaa na macho yanawasha kana kwamba yametiwa mchanga. Kompyuta ya zamani ilikuwa na skrini ya mraba ya inchi 19. Mpya ina skrini pana ya inchi 21.5, inang'aa vizuri, ila maandishi yake ni madogo mno. Fundi aliitwa, akayakuza, yakawa makubwa lakini yenye ukungu, na kichwa kikazidi kuuma. Mama huyo amekwenda stendi akanunua miwani ya kusomea ya +2.00. Kitabu anakisoma bila taabu, kompyuta bado inamtesa. Anataka kujua kama mwanga wa kompyuta unamharibu macho, na kama anunue ile miwani ya kuzuia mwanga wa bluu inayotangazwa kila kukicha.

Majibu ni hapana na hapana, na sababu zake zinakuja. Lakini jambo lenye maana zaidi katika barua yake ni lile ambalo hakuliuliza: imekuwaje skrini ikaongezeka ukubwa na herufi zikapungua?

Skrini ni maelfu kwa maelfu ya vitone vinavyoitwa pikseli, na Windows isipoambiwa vinginevyo huchora herufi kwa kuhesabu pikseli, si kwa kuhesabu milimita. Skrini ya mraba ya inchi 19 kwa kawaida ina pikseli 1280 kwa 1024, kila moja ikiwa na upana wa karibu milimita 0.29. Hii ya inchi 21.5 ina 1920 kwa 1080, na kila pikseli imebanwa hadi milimita 0.25 hivi. Herufi ile ile, yenye pikseli zile zile, imesinyaa kwa karibu moja ya sita. Kwenye laptop ya inchi 14 yenye idadi hiyo hiyo ya pikseli, kila moja ina milimita 0.16 tu, ndiyo maana laptop nyingi hufika kwa mnunuzi zikiwa zimekwisha kukuziwa maandishi. Ya mezani huachwa kwenye asilimia 100, na hakuna anayekumbuka kuigusa.

Moja ya sita si kitu kwa kijana wa miaka 25. Kwa mtu wa miaka 46 ndiyo tofauti kati ya kusoma na kubahatisha.

Kabla ya kumwita fundi tena, mama huyu achukue rula ya shule, kitu ambacho kwake hakikosekani. Afungue Word, ukurasa uwe kwenye asilimia 100, aandike M kubwa kwa Calibri ya pointi 11, kisha aiwekee rula palepale kwenye kioo. Kwa mipangilio ya mwanzo, kabla fundi hajakuza, angepata milimita 2 na ushee. Baada ya hapo aazime futi ya fundi cherehani na amwombe mwenzake ampimie umbali kutoka kwenye jicho hadi kwenye kioo akiwa amekaa anavyokaa siku zote, bila kujinyoosha kwa ajili ya kipimo. Kwa kompyuta ya mezani umbali unaofaa ni kati ya sentimita 50 na 70, yaani mkono ulionyooshwa. Viwango vya kimataifa vya mahali pa kazi, vile vya ISO 9241, vinapendekeza herufi kubwa ziwe na kimo cha takriban milimita 3.5 kwa anayekaa sentimita 60 kutoka kwenye skrini. Anayekaa mbali zaidi anahitaji kimo zaidi. Kwa maneno mengine, kabla ya fundi kuja mhasibu wetu alikuwa anasoma hesabu za shule kwa herufi zenye kimo cha theluthi mbili tu ya kile kinachotakiwa, na pengo hilo alilijazia kwa kusogeza kichwa mbele. Maumivu ya shingo yalianzia hapo, si kwenye mto wa kulalia.

Sasa ule ukungu. Kwa maelezo yake, fundi alipunguza idadi ya pikseli, yaani rezolusheni, labda akaishusha hadi 1280 kwa 720. Enzi za skrini za chogo hila hiyo ilikubalika, kwa sababu zile hazikuwa na pikseli zilizopangwa moja kwa moja kiwandani. Skrini bapa za leo zinazo, na idadi haibadiliki. Ukiilazimisha skrini ya namna hiyo ionyeshe pikseli chache, inalazimika kunyoosha picha, pikseli moja ya picha itandazwe juu ya moja na nusu ya skrini, na kingo za kila herufi zinafifia. Jicho halijui kwamba kosa ni la mipangilio. Linahangaika kutafuta mahali pa kuona sawasawa, halipati, linajaribu tena, na mchezo huo unaendelea kuanzia asubuhi hadi saa kumi jioni.

Njia iliyo sahihi haihitaji fundi. Abofye kulia mahali patupu kwenye uso wa kompyuta, achague Display settings. Kwanza atafute Display resolution na kuirudisha kwenye namba yenye neno Recommended pembeni yake. Ukungu utaondoka papo hapo na herufi zitarudia udogo wake, asishtuke. Kisha apande juu kidogo penye Scale, atoe asilimia 100 na kuweka 125. Kila kitu kitakua pamoja: menyu, vitufe, majina ya mafaili, na kingo zitabaki kali kwa sababu sasa Windows inatumia pikseli nyingi zaidi kuchora herufi moja. Kama rula bado inalalamika, ajaribu 150. Programu zilizokuwa wazi wakati wa kubadilisha zinaweza kuonekana na ukungu mpaka azifunge na kuzifungua upya, na wakati mwingine mpaka atoke kabisa kwenye akaunti yake na kuingia tena.

Gharama ipo, na mhasibu ataiona kabla ya mtu mwingine yeyote. Kwa asilimia 150 safu za Excel zinazoonekana kwa pamoja hupungua, na anayefanya kazi ya kulinganisha karo za kidato cha kwanza hadi cha nne atachoka kusogeza ukurasa huku na huko. Suluhisho la kati ni kuacha Scale kwenye 125, halafu ndani ya Excel yenyewe kushika Ctrl na kuzungusha gurudumu la mausi hadi karatasi anayoisoma ifike 120. Mbili hizo zikizidishwa zinampa zile 150 mahali anapozihitaji tu. Ctrl na gurudumu hufanya kazi pia kwenye Word na kwenye vivinjari vya intaneti. Kwa asiyetaka kukuza vitufe na picha bali maandishi peke yake, Windows 11 ina sehemu ya Text size ndani ya Accessibility, inayopanda hadi asilimia 225. Kwenye Windows 10 sehemu hiyo inakaa ndani ya Ease of Access.

Kuna kosa jingine la ofisini ambalo safu hii inalitaja kwa sababu linachekesha na linakula karatasi. Watu hukuza herufi za waraka wenyewe, kutoka pointi 11 hadi 18, ili waone vizuri wanapoandika, halafu wanasahau. Barua ya kumjulisha mzazi karo iliyobaki inatoka kwenye printa ikiwa na kurasa tatu. Kukuza mwonekano hakugusi kinachochapishwa. Kubadilisha ukubwa wa fonti kunagusa.

Programu ya zamani ya hesabu nayo inaweza kukataa kukua, au ikakua na ukungu wakati nyingine zote ziko safi. Hiyo hurekebishwa kwa kubofya kulia alama yake, kuingia Properties, kisha Compatibility, na kufungua Change high DPI settings. Hapo ndipo penye kazi halali ya fundi.

Tuseme yote hayo yamefanyika na M kubwa sasa ina milimita 3.5. Bado iko ile miwani.

Kuanzia umri wa miaka 40 hivi lenzi iliyo ndani ya jicho hukakamaa, na jicho hushindwa kujikaza ili kuona karibu. Hali hii, presibiopia, si ugonjwa na haitokani na kompyuta. Hata bibi aliyezeeka shambani asiione skrini maishani mwake alianza kuusogeza mbali uzi na sindano. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu milioni 826 wana shida ya kuona karibu kwa sababu hiyo bila kupata miwani inayofaa. Mwaka 2018 watafiti walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa miongoni mwa wachuma chai wa Assam, India, wenye umri wa miaka 40 na kuendelea. Waliopewa miwani rahisi ya kuonea karibu waliongeza uzito wa chai waliyochuma kwa karibu asilimia 22 zaidi ya wenzao wasiopewa. Miwani, basi, ni ya kuheshimiwa. Tatizo ni umbali iliyotengenezewa.

Miwani ya kusomea hupimwa kwa kitabu kilichoshikwa mkononi, sentimita 40 hivi. Kwa mtu anayeona mbali vizuri bila miwani, lenzi ya +2.00 huishia kuona sawasawa sentimita 50 kutoka usoni. Zaidi ya hapo kila kitu kinaanza kufifia. Skrini ya mama huyu ikiwa sentimita 65, hana budi kuifuata. Lenzi ya +1.50 ingemfikisha sentimita 67, na kwa umri wake inawezekana hata kitabu ikamtosha. Lakini nguvu ya lenzi haichaguliwi kwa hesabu za gazetini wala kwa kujaribu fremu moja baada ya nyingine juu ya meza ya machinga, maana macho mawili ya mtu mmoja mara nyingi hayalingani. Aende akapimwe, na aende na ile namba aliyoipata kwa futi ya fundi cherehani. Mpimaji akiambiwa kwamba mgonjwa hutazama kompyuta kwa umbali wa sentimita 65 kwa saa saba kila siku, ataandika lenzi nyingine kabisa. Wenye miwani ya sehemu mbili, juu ya mbali na chini ya kusomea, wana mateso yao wenyewe: huinua kidevu siku nzima ili watazame kwa sehemu ya chini. Hao washushe skrini, na wakiweza watafute jozi ya pili ya kazi ya kompyuta tu.

Kuwasha kwa macho kuna chanzo kingine. Mtu anapozungumza na mwenzake hupepesa macho kama mara 15 kwa dakika. Akiukazia macho mstari wa hesabu hushuka hadi mara 5 au 7, na machozi yanayolainisha jicho yanakauka. Feni ya mezani inayopuliza usoni hulimaliza jicho lililobaki na unyevu kidogo. Aigeuze. Kila dakika 20 atazame nje ya dirisha kitu kilicho mita 6 au zaidi kwa sekunde 20, jambo ambalo bodi ya shule haiwezi kulihesabu kuwa uvivu.

Ile miwani ya mwanga wa bluu abaki na fedha yake. Mwaka 2023 mapitio ya Cochrane yaliyokusanya majaribio 17 hayakuona kwamba inapunguza uchovu wa macho wa mtumiaji wa kompyuta kuliko lenzi za kawaida, angalau kwa muda mfupi uliochunguzwa.

Na kompyuta haimpofushi. Asisubiri, hata hivyo, akiona mimweko kama ya radi, pazia jeusi upande mmoja wa jicho, vitu viwili mahali pa kimoja, au jicho likiwa jekundu na kuuma sana: hayo ni ya hospitali siku hiyo hiyo. Lililo baya zaidi halina dalili. Glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, huanza kula uoni wa pembeni bila maumivu, huwapata zaidi watu wenye asili ya Afrika na wenye ndugu wa damu waliougua, na kilichopotea hakirudi. Kwa hiyo atakapokwenda kupimiwa miwani, iwe hospitali ya KCMC, ya CCBRT au kliniki ya macho ya hospitali ya rufaa ya mkoa, aombe apimwe na presha ya jicho na achunguzwe mshipa wa fahamu ulio nyuma yake. Akiwekewa dawa ya kupanua mboni ataona ukungu kwa saa kadhaa, basi asipange kurudi kufunga hesabu siku hiyo.