Gari-nyumba la kukodi: hesabu huja siku ya kurudisha

Baadhi ya ndugu zetu walioko Marekani na Kanada hukodi gari-nyumba, lile lenye vitanda, jiko na choo, ili familia isafiri pamoja. Bei ya siku huvutia. Lakini anayekodi kwa mara ya kwanza huweza kushtuka siku ya kurudisha, akikuta amana yake imemegwa. Je, amedhulumiwa? Mara nyingi hapana. Yote yalikuwamo katika mkataba aliotia saini bila kuusoma.

Kwanza, uliza umepewa maili ngapi kwa siku na jenereta saa ngapi. Kinachozidi hulipiwa, na jenereta ina mita yake.

Pili, matangi ya majitaka. Kwa kawaida ni mawili: la choo, na la maji ya sinki na bafu. Yamwage kwenye kituo maalumu kabla ya kurudisha. Anza na la choo, ili maji ya tangi la pili yasafishe mpira. Uliza pia kama mafuta na gesi ya kupikia virudi vimejaa.

Tatu, bima. Mara nyingi hailipii paa wala turubai la kivuli. Basi jua kimo cha gari kabla ya kupita chini ya daraja.

Mwisho, piga picha ndani, nje, paa na mita, siku ya kuchukua na ya kurudisha, wala usiondoke bila karatasi ya makabidhiano iliyotiwa saini. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.